Mkanda Kutoka Kansas

Mwaka 1997 mtoto wa baba mdogo alirudi kutoka masomoni Marekani, katika jimbo la Kansas, akiwa na masanduku mawili. La kwanza lilijaa vitabu. La pili lilikuwa la zawadi za ukoo mzima, na zawadi yangu ilikuwa mkanda wa video alioutia ndani ya soksi mpya ili usivunjike njiani. "Dada, huu nimekuchagulia wewe hasa," aliniambia, "maana ndani yake yumo mpiga kinanda wa kanisa." Nikashukuru sana. Nilidhani ni mkanda wa injili.

Haukuwa wa injili. Jaladani kulikuwa na uso wa mwanamume mweupe kama unga, macho yamezungukwa na weusi. Jina la picha lilikuwa Carnival of Souls, na kwa Kiingereza changu cha shule nilitafsiri "sherehe ya roho", nikasita. Mama yangu aliutupia jicho mara moja tu, akasema nisiulaze chumba kimoja na Biblia.

Nianze na mimi mwenyewe, ndipo mtaelewa kwa nini mkanda ule haukunitoka moyoni. Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti katika usharika wetu huku mlimani, na ndiye aliyenifundisha kinanda. Kilikuwa kile cha kukanyaga, cha tangu enzi za wamisionari, na panya walikuwa wametafuna mfuko wake wa upepo hata kikawa kinahema kama mzee apandaye kilima. Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa napiga ibada nzima. Desemba 1993 Baba aliugua. Tulifunga, tukaomba, wazee wakaja nyumbani kuweka mikono. Alifariki siku tano kabla ya Krismasi. Na siku ya Krismasi nilikaa kwenye kinanda nikapiga nyimbo zote, kuanzia wa kuingilia hadi wa kutokea, bila kukosea hata noti moja. Watu walilia. Walisema Mungu amenitia nguvu ya ajabu.

Mimi nilijua kwamba hakuna aliyenitia nguvu. Vidole vilikuwa vinaijua njia, basi. Moyoni kulikuwa kumenyamaza kabisa, na kukaendelea kunyamaza kwa miaka minne. Niliendelea kupiga kila Jumapili, harusi na mazishi, Ijumaa Kuu na sikukuu ya mavuno. Nilipokea posho yangu mwisho wa mwezi. Sikuomba, wala nyumbani, wala kanisani, na wenzangu walipofumba macho mimi nilikuwa natafuta ukurasa wa wimbo unaofuata. Sikukosea noti. Watu walionisifu walikuwa wengi, na sikumwambia mtu.

Basi tuurudie mkanda. Televisheni Tanzania Bara zilikuwa zimeanza kurusha matangazo mwaka 1994 tu, na deki za video pale kijijini zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tuliupeleka mkanda kwa jirani yetu mwalimu. Ukaingia, ukazunguka, na picha ikaanza kupanda juu na kukatika vipande kama nguo inayochanwa. Mtoto wa baba mdogo akakumbuka kwamba mikanda ya Marekani hurekodiwa kwa mfumo mwingine, tofauti na huu wa kwetu tulioupata kwa Waingereza na Wajerumani. Jirani alitaka kuuzima. Nikamwomba auache, kwa sababu sauti ilikuwa inatoka vizuri. Na sauti yenyewe ilikuwa kinanda. Kuanzia mwanzo hadi mwisho muziki wa picha ile ni kinanda kitupu, kazi ya mtu aitwaye Gene Moore. Kwa hiyo mimi niliisikia kabla ya kuiona. Nilikaa kwenye kigoda cha mwalimu zaidi ya saa nzima nikisikiliza kinanda cha mabomba kilichopigwa na mtu anayejua kazi yake, na ambaye kwa sababu fulani alikuwa ananitisha.

Wiki mbili baadaye nikapata deki ya kufaa kwa mjomba wangu Moshi mjini. Yeye alikuwa akifuata viatu Dubai, na huko alinunua deki ya mifumo yote. Hapo ndipo nilipouona mkanda wenyewe.

Ni picha ya zamani, ya mwaka 1962, isiyo na rangi, na haifiki saa moja na nusu. Wasichana watatu wako ndani ya gari. Vijana wanawachokoza washindane mbio, na kwenye daraja la mbao gari la wasichana linatumbukia mtoni. Watu wanautafuta mto kwa kamba na kulabu, hawaoni kitu. Saa zinapita. Kisha mmoja wa wale wasichana, Mary Henry, anatokea kwenye fungu la mchanga akiwa ametapakaa matope, na hawezi kueleza ametokaje. Haendi kanisani kushukuru. Halii wenzake. Baada ya siku chache anaondoka kwa gari kwenda jimbo la Utah, ambako amepata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa fulani.

Kabla hajaondoka kuna kipande kifupi ambacho mtu mwingine angekipita tu. Yuko kwenye kiwanda cha vinanda anajaribu kinanda kikubwa, na msimamizi anamwambia, kwa upole, kwamba upigaji hauhitaji akili peke yake, aweke na roho kidogo. Yeye anasema kwamba kwake hiyo ni kazi tu. Mjomba alikuwa anakunywa chai, akacheka: "Huyu dada ana majibu!" Mimi sikucheka. Nilihisi kama mtu amefungua daftari langu la siri akalisoma kwa sauti sebuleni.

Yaliyobaki nitayasimulia kwa kifupi. Njiani Mary anauona uso mweupe kwenye kioo cha gari. Ni mwanamume aliyevaa suti nyeusi, na tangu hapo anamfuata kila mahali, ila hakuna mwingine anayemwona. Nje ya mji kuna jumba kubwa la starehe lililoachwa ukingoni mwa ziwa la chumvi, na jumba lile linamvuta. Mchungaji wake mpya anampeleka kwa gari kulitazama kutoka nje ya uzio. Yeye anataka waingie. Mchungaji anakataa, kwa kuwa hairuhusiwi. Na mara mbili, mchana kweupe, dunia inamzimikia. Yuko dukani anajaribu gauni, na ghafla hakuna sauti. Muuzaji hamwoni. Anasema hasikiki, anawashika watu hawageuki. Anatembea katikati ya mji kama hayupo, mpaka ndege analia mtini na sauti zote zinarudi kwa pamoja.

Kisha jioni moja yuko peke yake kanisani anafanya mazoezi. Anaanza wimbo wa kawaida wa ibada. Vidole vinaanza kwenda kwingine. Kinanda kinageuka kuwa kile nilichokisikia kwa mwalimu, na machoni pake anaona wafu wanacheza dansi katika lile jumba. Mchungaji anaingia, anamshika mikono, anauita muziki ule kufuru, na palepale anamtaka aache kazi. Anaongeza kwamba kanisa halitamtupa, na kwamba akihitaji msaada arudi. Lakini anayasema hayo mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Mwisho wake wengi mmeshaukisia. Wale wafu wanamkimbiza mchangani nje ya jumba. Kesho yake watu wanakuja kumtafuta, wanakuta nyayo zake, na nyayo zinakatika ghafla kwenye mchanga mtupu. Kule Kansas gari linavutwa kutoka mtoni. Wasichana watatu wamo ndani. Mary yumo.

Najua wapo watakaouliza mambo kama haya yanatafuta nini katika kitabu cha kanisa. Swali ni la haki. Huku kwetu tunafundishwa kwamba picha za kutisha hufungua mlango kwa yasiyofaa, na mimi mwenyewe sikuwaruhusu watoto wangu kuzitazama. Nyingi nilizoziona tangu wakati ule ni damu na kelele, nikaona nimepoteza muda. Hii haina hata tone la damu. Ilitengenezwa na Herk Harvey, mwajiriwa wa kampuni ya mji wa Lawrence huko Kansas iliyotoa filamu za mafunzo kwa mashule na viwanda, zile za kufundisha usalama kazini na adabu njema. Siku moja akirudi kwa gari kutoka California aliliona jumba la Saltair jua likizama, limesimama peke yake ukingoni mwa ziwa, na hakuweza kulisahau. Mwenzake kazini, John Clifford, akaandika hadithi. Wakatafuta fedha kwa watu wa mjini, na picha nzima ikagharimu kama dola 33,000, ambazo kwa Wamarekani wa sinema ni kitu kidogo sana. Harvey akachukua likizo, wakapiga picha kwa muda wa wiki tatu hivi. Mary aliigizwa na Candace Hilligoss. Yule mwanamume mweupe ni Harvey mwenyewe, kwa kuwa alikuwa hapo na hahitaji kulipwa. Hakutengeneza sinema nyingine ya namna hiyo maishani. Kampuni iliyoisambaza ilifilisika, haki za picha hazikulindwa, na ndiyo sababu miaka mingi baadaye mtu yeyote aliweza kuitoa nakala na kuiuza kwa bei ya soda. Hivyo ndivyo mwanafunzi asiye na fedha alivyoweza kuninunulia. Mwaka 1989 ilionyeshwa tena kwenye majumba ya sinema na watu wakaanza kuisifu. Harvey alifariki mwaka 1996, mwaka mmoja kabla mkanda haujanifikia mimi.

Jambo moja zaidi kuhusu lile jumba, maana liliniingia. La kwanza lililosimama pale lilijengwa mwaka 1893, na kanisa la Wamormoni lilikuwa mshiriki mkuu wa kulijenga, ili waumini wapate mahali pa kustarehe pasipo na uovu. Likaungua mwaka 1925, likajengwa jingine. Maji ya ziwa yakarudi nyuma, watu wakaacha kuja. Kwa hiyo pale wafu wanapocheza palikuwa mahali palipotengenezwa kwa nia njema kabisa.

Usiku ule kwa mjomba sikulala. Uso mweupe haukunisumbua. Nilishaona watu waliojipaka unga. Kilichoninyima usingizi ni wazo kwamba mtu anaweza kufa mahali fulani, tuseme kwenye mto, au kando ya kitanda cha baba yake, asijue, akaendelea kuendesha gari, kupanga chumba, kupokea mshahara na kupiga nyimbo za ibada bila kosa. Ile barua ya Ufunuo kwa kanisa la Sardi nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Nilidhani inawahusu watu wa Sardi.

Nilikaa na hilo mwezi mzima. Kisha nikamwomba mchungaji wetu autazame mkanda. Sikumweleza sababu. Alikuwa mtu mnyenyekevu, mpole wa maneno, ila mkali wa taratibu. Alishangaa, akaniuliza una nini, nikasema una kinanda. Nikampakata mjomba wangu deki yake, nasema hivyo kwa sababu aliipenda kama mtoto, nikapanda nayo daladala hadi nyumbani kwa mchungaji jioni ya Jumatano.

Tulikuwa watatu, mchungaji, mimi, na Mama Mchungaji aliyekuwa akichambua mchele na kuuliza mara kwa mara, "Sasa huyo ni nani tena?" Mchungaji hakusema neno. Kipande cha kufukuzwa kilipokwisha alijisogeza mbele kwenye kiti. Mary alikuwa ameshaingia ndani ya lile jumba, wafu wanaanza kuinuka majini, ndipo umeme ukakatika.

Mama Mchungaji akaenda jikoni kutafuta taa ya chemli. Tukabaki gizani, sisi wawili. Nadhani pasingekuwa na giza nisingesema.

"Baba Mchungaji, mimi siombi. Napiga tu."

Kimya. Kisha, "Tangu lini, binti?"

"Tangu Baba."

Nilisubiri anipe maandiko. Angeweza, alikuwa nayo mengi. Akasema, "Siku ile ya kumzika mwinjilisti, mimi pia nilisoma kitabu tu. Nilifungua ukurasa wa mazishi nikausoma mpaka mwisho. Baba yako alikuwa rafiki yangu. Ulikuwa unapiga vizuri, nikajishika kwenye kinanda chako."

Taa ikaletwa. Hatukuendelea na mazungumzo yale mbele ya Mama Mchungaji, lakini mtu anaelewa uzito unaposhuka mabegani, hata kama haujashuka wote. Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa simulizi nzuri ya kutosha. Ila umeme ulirudi.

Tukamalizia mkanda. Wafu wakamkimbiza, kukacha. Wakaja watu ufukweni, polisi, daktari, na yule mchungaji. Wakaziangalia nyayo. Mchungaji wetu akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Akatazama. "Rudisha tena." Mara ya tatu Mama Mchungaji akaacha mchele wake.

"Amekuja," akasema mchungaji. "Tazama, amekuja kumtafuta. Amefika mahali nyayo zilipokwisha."

Kisha akalitaja jina la rafiki yangu.

Sikuwa nimelisikia jina lile kinywani mwa mtu wa kanisa kwa miaka mitatu. Alikuwa mwenzangu wa kwaya, sauti ya pili, na sauti yake ilikuwa ya namna ile ambayo huisikii mpaka siku isipokuwepo. Mwaka 1994 alipata mimba kabla ya ndoa. Baraza la wazee likakaa, likaamua atengwe, na jina lake likasomwa katika matangazo ya Jumapili, kati ya habari za mnada wa ndizi na mayai na habari za mazoezi ya matarumbeta. Alikuwepo, ameketi mahali pake. Akasimama akatoka. Mwanamume hakutajwa. Wengi tulimjua ni nani, na aliendelea kuimba sauti ya nne. Habari ya mtu huyo ni ndefu, ina wengine ndani yake, siiandiki hapa.

Na mimi nilikuwa wapi? Kwenye kinanda. Mchungaji alipomaliza matangazo alinipa ishara, nami nikapiga wimbo uliofuata. Niliupiga vizuri. Alipokuwa akitembea kwenda mlangoni alikuwa anatembea kwa mwendo wa vidole vyangu.

Baadaye tulikutana sokoni, labda mara nne, labda tano. Mara ya kwanza aliniita kwa jina. Niligeuka upande wa nyanya, nikauliza bei ya nyanya ambazo sikuzihitaji. Sikuwa na chuki naye. Sikujua la kusema, na wanawake wawili wa umoja wetu walikuwa karibu. Mara zilizofuata hakuniita tena.

Kwa mwezi mzima nilikuwa nimeamini kwamba mimi ndiye Mary Henry. Nilijihurumia, na huruma ile ilikuwa tamu. Pale nyumbani kwa mchungaji, mkanda ukirudi nyuma kwa mara ya tatu na kutoa ule mlio wake, nikakumbuka lile duka. Nikawakumbuka watu wale wanaopita na vifurushi vyao, wenye haraka, wasio wabaya. Yule muuzaji anayepanga nguo huku mtu anamlilia mbele ya uso wake. Nilikuwa na sura yake. Nilikuwa na nyanya mkononi.

Sikumwambia mchungaji hilo. Nilimwambia tu, "Anauza chakula stendi ya Himo." Akauliza nimejuaje. Nikasema kila mtu anajua.

Tulikwenda Jumamosi, mchungaji, Mama Mchungaji na mimi. Mchungaji hakuvaa kola. Kilikuwa kibanda cha mabati na benchi mbili, masufuria yamepangwa safi. Alituona tangu tunashuka kwenye gari, nami nikamwona ametuona, akaendelea kumimina chai ya wateja. Mtoto wa kike wa miaka mitatu alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, anakula andazi. Tuliketi. Akatuletea chai na chapati bila kuuliza tunataka nini.

Mchungaji alikuwa amejiandaa. Nilijua kwa namna alivyokunja mikono. Akasema amekuja kuomba radhi, kwa sababu miaka mitatu ni mingi, na alipaswa kuja wiki ile ile. Yeye akasikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha kufutia begani. Akasema, "Nimesikia, Mchungaji." Si zaidi. Mama Mchungaji akaanza kulia kimyakimya, na huo ulikuwa msaada kidogo kwa sababu mtoto alishuka kwenye kreti akaenda kumtazama kwa karibu, kama watoto wanavyomtazama mtu mzima anayelia.

Ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Yakapotea. Nikasema, "Siku ile sokoni nilikusikia uliponiita."

"Najua ulinisikia," akasema. "Uligeuka haraka mno."

Halafu basi la Tarakea likaingia, wateja wakajaa, akarudi kwenye masufuria. Tulipoinuka kuondoka alituhesabia chai tatu na chapati sita, akapokea hela, akarudisha chenji kamili. Mchungaji alitaka kuiacha. Akaikataa ile chenji, akaiweka kwenye meza mbele yake mpaka akaichukua.

Njiani hatukuongea. Nilitarajia, sijui kwa nini, kwamba moyo wangu ungefunguka pale pale. Haukufunguka. Usiku nilipiga magoti kwa mara ya kwanza tangu 1993 na nikakosa maneno, nikalitaja jina lake tu, kisha jina la mtoto wake ambalo nilikuwa nimelipata pale kibandani, kisha nikalala. Kesho yake hivyo hivyo. Majina mawili. Kwa wiki kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu yote, na sikuwa na hakika kama inastahili kuitwa sala.

Mkanda ule siku hizi umeota ukungu, na deki ya mjomba ilikufa zamani. Mtoto wa baba mdogo aliniambia picha hiyo sasa imesafishwa na inapatikana kwenye diski, safi, kila unywele unaonekana. Sijaitafuta.

Jumapili ya pili ya Majilio mwaka ule nilikuwa napiga wimbo wa kabla ya mahubiri. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Katika ubeti wa pili nikasikia, kutoka nyuma kabisa karibu na mlango, sauti ya pili ikiingia mahali ambapo kwa miaka mitatu palikuwa na shimo. Haikuwa kubwa. Sikugeuka kutazama. Vidole vikateleza, vikagonga noti mbili zisizohusika, na usharika mzima ukayumba kidogo kabla ya kunipata tena.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniuliza kama naumwa.